Ndama mwekundu wa mshua

Mwaka 2009 bado tunaishi Kimara, mshua anafuga ng'ombe wawili kwenye banda nyuma ya nyumba, wote friziani, weusi kwa weupe. Zawadi, mmoja wao, alizaa usiku, umeme umekatika, me ndo nimeshika tochi. Ndama katoka, mshua kaanza kumfuta na gunia, anafuta anafuta, nawaza hii damu mbona haiishi... kumbe wala sio damu, manyoya yenyewe ndo mekundu, mabaka mekundu na meupe, weusi hata tone hamna.

Asubuhi kaitwa bwana mifugo. Mshua kachachamaa, "wewe kijana, nimekulipa hela ya mbegu ya friziani umeniwekea eshaya, wale ng'ombe wekundu!" Jamaa akasema mzee nipe nusu saa, akarudi na pikipiki kashika kitabu cha madume, akafungua ukurasa wa dume letu: mweusi tii na mabaka yake meupe, ila mwisho wa jina kuna herufi mbili, RC. Akasema hizo maana yake huyu kabeba wekundu ndani kwa ndani. Weusi ndo unatawala, ndama akiupata kwa mzazi mmoja tu anatoka mweusi, ili awe mwekundu lazima apewe wekundu na baba na mama, wote wawili, na kwa wazazi wa hivyo kila mimba ni nafasi moja kati ya nne.

Mimi nipo fomu foo, nikaropoka, "kama zile njegere za Mendel tunazosoma kwenye mambo ya kurithi, baba!" Akanigeukia, "njegere zinazaa ndama?" Nikanyamaza. (Nimekuja kusoma baadae kwamba jeni yenyewe inaitwa MC1R, na wekundu unakuja kwa sababu kuna herufi moja tu ya DNA imechomoka humo, watafiti wa Norway walishaliandika tangu 1995, ila nani angemwambia mshua.)

Kilichomuuma sasa sio hata dume. "Ina maana Zawadi naye anao?" Jamaa akajibu taratibu, "anao mzee, tena toka kuzaliwa." Mama akadakia kutoka jikoni, "Baba Neema, mbona Neema ni maji ya kunde na wewe hukumwita bwana mifugo?" Bwana mifugo akajifanya anakagua kwato.

Siku ya chanjo jamaa akaandika kwenye kadi "friziani mwekundu". Alivyoondoka tu mshua akachukua peni, akakata, akaandika kwa herufi kubwa: ESHAYA. Tukamuita hivyo hivyo mpaka anauzwa.