Mnazi wa Juhu

Mama hajui Kihindi. Anajua "nahin", anajua "achha", na anajua nyimbo.

Tulitua Mumbai alfajiri, mimi na yeye, kwa ajili ya goti lake la kulia. Teksi tuliyopata ilikuwa nyeusi yenye paa la njano, na redio yake ilikuwa nzima kuliko milango. Hatujafika mbali ukapigwa wimbo wa Madhuban Mein Radhika Nache Re. Mama, ambaye tangu uwanja wa ndege alikuwa akisinzia, akaimba nao neno kwa neno, macho yamefumbwa. Dereva akamtazama kwenye kioo. Akaongeza sauti. Waliimba pamoja mpaka pale mwishoni, mwimbaji anapoanza kuzikimbiza noti kama mtu anayeteremka ngazi mbili mbili. Hapo mama akapotea, akamalizia kwa mvumo wa puani, na dereva akacheka hadi wa nyuma yetu wakatupigia honi.

"Dilip Kumar," mama akamwambia kwa fahari.

Dereva akatikisa kichwa, ule mtikiso wao ambao mgeni hajui ni ndiyo au siyo. Safari hii ilikuwa siyo. "Rafi sahab," akasema, akagusa koo lake. Kisha akasema "Dilip sahab," akaachia usukani na kupiga sitar hewani kwa mikono yote miwili. Nikasoma Yasini kimoyomoyo.

Filamu yenyewe ni Kohinoor, ya mwaka 1960. Mama aliiona Tanga akiwa msichana, enzi zile watu wanaingia sinema Jumapili wamevaa kama wanakwenda harusini. Dilip Kumar alijifunza sitar kweli kweli ili vidole vyake visimwaibishe mbele ya kamera, lakini mdomo wake ulikuwa ukichezacheza tu. Sauti ni ya Mohammed Rafi, aliyeimba studio, nyuma ya kioo, na hakuonekana. Ndivyo filamu zao nyingi zilivyotengenezwa: sura ya huyu, koo la yule.

"Miaka yote hiyo," mama akasema kwa Kiswahili, akitazama nje, "namsifu mtu kwa sauti ya mwenzake." Alisema kama mke aliyegundua kuwa barua za uchumba aliandikiwa na rafiki wa mumewe.

Nilitaka kumcheka, ila nami nina aibu yangu. Nyumbani kwetu kanda za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa Mombasa, zilitangulia video za Kihindi. Nilipokuja kuona filamu na kusikia lahani zilezile ninazozijua kwa mashairi ya Kiswahili, nilikwenda kumshitakia baba kwamba Wahindi wamemwibia Bhalo, kumbe ni kinyume chake.

Upasuaji ulikwenda salama, Alhamdulillahi, na sitausimulia. Baada ya siku tatu mama alianza kunitumatuma. Kwanza santuri. Nikaenda Chor Bazaar, Mtaa wa Mutton, kwenye viduka ambako vitasa vya shaba, saa za ukutani na picha za filamu zimerundikana pamoja. Sikujua namna ya kuulizia, kwa hiyo nikaimba. Mzee mwenye duka akanisikiliza vipande viwili, akapanda ngazi bila kusema kitu, akashuka na santuri ya filamu ya Baiju Bawra ya 1952. Akaiweka sindano kwenye Man Tarpat Hari Darshan Ko Aaj. Ni wimbo wa ibada ya Kihindu, mtu akililia kumwona Mungu wake. Mzee akahesabu kwa vidole: aliyeandika maneno, Shakeel Badayuni, aliyetunga muziki, Naushad, aliyeimba, Rafi. Wote watatu Waislamu. Akaniangalia kuona kama nimeelewa, kisha akanitajia bei ya kitalii.

Nilichong'amua pale dukani ni kwamba mama hakuwa akiimba gizani kabisa. Duniya, kismat, safar: maneno ya Kiarabu yaliyopanda meli mbalimbali, mengine yakashukia kwao, mengine kwetu. Anayajua kumi katika mia, na hayo kumi yamemtosha kulia mahali panapostahili.

Amri ya pili ilikuja Ijumaa. "Baba, nenda kamsalimie Rafi. Umsomee Fatiha, na umwombe radhi kwa niaba yangu."

Nikapanda treni Mumbai Central, jirani na sinema ya Maratha Mandir, ile ilikozinduliwa filamu ya Mughal-e-Azam mwaka 1960. Ningependa kusema nilitafakari hilo; ukweli nilikuwa nimebanwa mlangoni, begi la mtu liko shingoni. Nilishukia Santacruz na kuchukua bajaji, maana kule kusini mwa jiji haziruhusiwi, mpaka makaburi ya Waislamu ya Juhu.

Nilitoa salamu kwa watu wa makaburini, nikatafuta jina. Hapakuwa na jina. Mtu aliyekuwa akimwagilia maji akanielewa kabla sijamaliza kuuliza. Nadhani si wa kwanza. Mwaka 2010 makaburi yaliyojengewa yalivunjwa kupisha maiti wapya, kwani ardhi haitoshi. Rafi, aliyefariki tarehe 31 Julai 1980, akaondokewa na jiwe lake. Na Madhubala pia, yule aliyecheza Anarkali kwenye Mughal-e-Azam, ambaye uzuri wake ulitundikwa kwenye kuta za vinyozi wetu wote.

Yule mtu akanionyesha mnazi. Wanaokuja kumzuru Rafi, akasema, huhesabia kutoka hapo.

Nikasimama chini ya mnazi, mimi mtu wa Tanga, nikasoma Fatiha. Kisha nikaomba ule msamaha, kwa sauti ndogo, nikijiona mjinga kidogo.

Jioni nilimweleza mama. Nilitarajia machozi. Akanyamaza, akalinyoosha goti lake taratibu kama alivyofundishwa.

"Mnazi mrefu au kitamli?"

"Mrefu, mama."

"Una nazi?"

"Unazo."

"Haya," akasema, akaanza upya Madhuban. Alipofika kwenye ngazi zile, akapotea palepale.