Farasi Akishaanguka

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zaburi 33:16-17: "Hapana mfalme aokokaye kwa wingi wa uwezo, wala shujaa haokoki kwa wingi wa nguvu. Farasi hafai kitu kwa wokovu, wala hamponyi mtu kwa wingi wa nguvu zake."

Mistari hii wengi wetu huisoma tukimwaza Farao na magari yake. Safari hii nimeisoma nikimwaza askari mmoja wa Uingereza, Samuel Parkes, wa kikosi cha wapanda farasi cha 4th Light Dragoons. Hakuwa ofisa wala mtoto wa bwana mkubwa. Alitoka pande za Tamworth, na kwa miaka yote ninayoisimulia hapa cheo chake kilikuwa kile cha chini kabisa.

Askari wa farasi wa zama zile aliishi kwa ratiba ya mnyama. Asubuhi farasi ndiye aliyetangulia kunyweshwa, kulishwa, kusuguliwa kwa brashi na kukaguliwa kwato. Mwenye farasi alikula baadaye. Ilikuwa haki yake, maana vitani farasi ndiye miguu ya askari, na ndiye njia yake ya kutokea mambo yakiharibika. Anayepigana kwa miguu katikati ya wapanda farasi ni kama amekwisha kuhesabiwa na maiti.

Sasa njooni Crimea, rasi iliyo kwenye Bahari Nyeusi, tarehe 25 Oktoba 1854, kwenye bonde lililo karibu na Balaclava. (Ni Vita ya Crimea, Waingereza na wenzao dhidi ya Warusi; wauguzi wanaijua kwa ajili ya muuguzi Florence Nightingale.) Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Waingereza, alikuwa juu ya kilima. Akaona Warusi wanakokota mizinga waliyoiteka asubuhi ile, akatuma amri ya maandishi kwamba wapanda farasi wakawazuie. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, aliyeipokea alikuwa chini, na kutoka pale chini mizinga hiyo haikuonekana. Alipouliza ni mizinga ipi, Captain Nolan aliyeleta amri akanyoosha mkono kwa jazba kuelekea mwisho wa bonde, ambako Warusi walikuwa wamepanga mizinga mingine kabisa. Lucan akaipitisha amri kwa shemeji yake, Lord Cardigan, aliyeongoza wapanda farasi wepesi, na mashemeji hawa walikuwa hawaivi chungu kimoja. Laiti wangekuwa wanazungumza kama ndugu, huenda mmoja angemwambia mwenzake, "Hebu tuulize tena." Hawakuuliza. Watu kama 670 wakaingia bondeni, wakipigwa mizinga kutoka mbele, kushoto na kulia. Nolan mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa.

Lord George Paget, aliyekiongoza kikosi cha Parkes, alisimulia baadaye jinsi farasi waliopoteza wapandaji wao hawakukimbia kando. Walizoea kwenda kwa mstari, basi wakarudi mstarini, wakawa wanambana yeye huku na huku mpaka nguo zake zikalowa damu yao. Nimelifikiria sana jambo hili. Mnyama hajui amri imekosewa. Anatafuta tu mahali pa kujibana.

Farasi wa Parkes alipigwa risasi. Jirani yake, farasi wa Hugh Crawford, mkuu wa wapiga tarumbeta wa kikosi, naye akaanguka, Crawford akaumia na upanga wake ukapotea. Wakosaki wawili, yaani wapanda farasi wa jeshi la Urusi, wakamjia wammalize. Parkes akaenda akasimama katikati, akawafukuza kwa upanga. Hapo wenzao walikwisha kugeuka kurudi, na hawa wawili wakaanza safari ileile kwa miguu. Warusi sita wakawashambulia. Maelezo ya nishani ya ushujaa aliyopewa Parkes baadaye, yaliyotangazwa 1857, yanasema alirudi nyuma polepole, akipigana na kumkinga Crawford, mpaka risasi ilipomwondolea upanga mkononi.

Wapendwa, ninalolishika ni hilo neno "polepole". Mtu mzima wa viungo, anayejua mizinga inampiga kutoka pande tatu, ana kila sababu ya kutimua mbio. Parkes alitembea mwendo wa majeruhi. Kosa la amri halikuwa mikononi mwake; hakuulizwa, na hata angeulizwa nani angemsikiliza? Wakubwa waliendelea kulaumiana kwa miaka juu ya nani aliharibu siku ile, iliyoua watu kama 110 na kupoteza farasi zaidi ya 300. Yeye katika vurugu hiyo alikuwa na jambo moja tu mbele yake: Crawford hana farasi, hana upanga, na anaumwa.

Naomba nieleweke. Sisifu vita ile, na wala sitaki Parkes tumpake rangi ya mtakatifu. Warusi aliowapiga nao walikuwa na mama zao. Lakini Bwana wetu alisema, "Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake" (Yohana 15:13), na siku zote nimekuwa nikiwaza kwamba uhai hutolewa kwa mara moja, kwa kishindo. Kumbe unaweza kutolewa hatua kwa hatua, kwa kukubali kwenda taratibu pamoja na asiyeweza kukimbia. Dada anayemuogesha mama yake aliyepooza anaelewa. Na yule aliyesimama na rafiki yake aliyeachishwa kazi, simu za marafiki wengine zikawa hazipokelewi, anaelewa.

Tena hakufanikiwa kama tunavyopenda shuhuda zetu zimalizike. Alipoteza farasi, akapoteza upanga, kisha yeye na Crawford wakachukuliwa mateka na Warusi. Alipelekwa mbali na wenzake, na ni mwaka uliofuata ndipo alipoachiwa. Wenzake waliobaki kambini walipata baridi kali ya 1854 kwenda 1855, farasi walionusurika bondeni wakafa njaa, wakitafunana mikia na manyoya ya shingo. "Farasi hafai kitu kwa wokovu." Mtunga zaburi anaendelea hapohapo, mstari wa 18: "Tazama, jicho la BWANA li kwao wamchao, wazingojeao fadhili zake." Crawford alikuwa hai.

Tarehe 26 Juni 1857 Malkia Victoria aliwavisha watu 62 nishani mpya iliyobeba jina lake, katika bustani ya Hyde Park. Nishani hiyo ilikuwa ya shaba nyeusi, na ajabu yake kwa nchi ile yenye matabaka ni kwamba askari wa chini na bwana mkubwa waliipata kwa sharti moja. Malkia aliwavisha akiwa amekaa juu ya farasi, na Parkes alikuwa chini, kwa miguu. Baada ya kuacha jeshi alifanya kazi ya ulinzi palepale Hyde Park. Alifariki Novemba 1864, akazikwa makaburi ya Brompton, London, na kwa muda mrefu kaburi lake halikuwekewa jiwe lenye jina.

Jumatano kwenye maombi tutaanza na wale wanaouguza ndugu zao nyumbani, hasa ambao wamekuwa wakiuguza kwa muda mrefu kiasi kwamba tumeacha kuwauliza habari. Mwenye jina la kuombewa alilete, au anitumie kabla ya hapo. Na kama kuna anayeweza kumpokea zamu mmoja wao hata kwa mchana mmoja, naye aniambie.