Daftari zimebaki shule

Wiki hii nimelala jamani. Kwa mwalimu wa msingi mwezi wa nane, darasa la saba mtihani wa taifa uko mwezi wa tisa, kulala saa nne usiku ni jambo la kumshukuru Mungu.

Ukisema una stresi watu wanakwambia ualimu ni wito. Sawa ni wito, hata mimi naamini hivyo, ila aliyeitwa naye ana mwili. Uwiano unaotakiwa hapa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, darasani kwangu wako 120. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamekuja kwa wingi na ni jambo jema kabisa, wengine wasingeliona darasa, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Sasa piga hesabu, daftari moja dakika 2 tu, hayo ni masaa 4, na hapo ni hisabati peke yake, bado andalio la somo, bado zamu, bado vipindi vya wengine.

Mwili wangu ulianza kusema kabla yangu. Koo linakauka ikifika saa sita, shingo imekaza, alafu mtoto anakuja na swali lake kwa adabu kabisa unahisi hasira zinapanda kifuani bila sababu. Hiyo hasira ndo iliniogopesha kuliko uchovu.

Kuna madam mmoja hapa staff, mama mtu mzima anakaribia kustaafu, alinikuta nafunga madaftari kwenye kiroba akaniambia mwanangu, hizo ukizipeleka nyumbani watoto wako watakuona mgongo tu. Akanionesha anavyofanya yeye. Zoezi linakuwa maswali matano badala ya kumi, anapita na peni nyekundu dawati kwa dawati wakati bado wanaandika, anatiki hapohapo, mtoto akikosea kukopa kwenye kutoa anamwelekeza palepale, wakimaliza wanabadilishana daftari na majibu yanaandikwa ubaoni. Anakusanya safu moja tu kwa siku, kesho safu nyingine. Nimeijaribu, na watoto wanaelewa zaidi kwasababu kosa wanaliona likiwa bado la moto, sio kesho kutwa.

Kingine ni simu. Takwimu zinaombwa kwenye grupu saa tatu usiku eti zinatakiwa asubuhi. Siku hizi ikifika saa mbili simu naiweka chumbani naenda kupika, na nimemwambia mkuu wangu vizuri tu kwa heshima kwamba nitajibu saa moja asubuhi nikifika, akaelewa, kumbe hata yeye alikuwa hapati usingizi.

Stresi nyingine haitoki darasani kabisa, ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mtu anafundisha huku anawaza marejesho ya ijumaa. Kwenye hilo kikoba chetu cha staff, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kimetusaidia wengi maana riba yake inabebeka na mkishakaa pale mnaongea, mtu anasema shida yake hadharani anapata pumzi.

Ila naomba nisieleweke vibaya. Watoto bado ni 120 na hilo halitibiki kwa kunywa maji mengi na kulala mapema, hilo ni la kuajiri walimu, na tutaendelea kulisema kwenye kila kikao.