Nilivyosokota fito za udongo wa polima zikafanana na kioo

Fito tisa za mwanzo zilitoka na kosa lilelile, nami kila mara nililaumu mkono. Nilikuwa natafuta ufito mwembamba wa kutengenezea shanga, wenye nyuzi nyeupe zilizosokotwa kama kamba, zikionekana kwa ndani, mtu akiuzungusha kwenye mwanga aone uzi mmoja unajificha nyuma na mwingine unajitokeza mbele. Kilichotoka ni vijiti vyenye weupe uliotapakaa kama moshi. Nikajiambia nisokote polepole zaidi, nisokote kwa nguvu zaidi, nisokote kwa mikono mikavu. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu kosa lilikuwa limeshafanyika kabla sijaanza kusokota.

Fito za namna hii asili yake ni kioo cha Venice. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe Murano, kisiwa cha jirani, na ni huko ambako mwaka 1527 ndugu wawili, Filippo na Bernardo Catani, waliomba haki ya kutengeneza wao peke yao kioo chenye nyuzi zilizosokotwa. Waitaliano huziita nyuzi hizo retortoli, na siku hizi wengi husema zanfirico. Weupe wake unatokana na lattimo, kioo cheupe kama maziwa kisichoonyesha upande wa pili. Fundi husimamisha vijiti vya lattimo kuzunguka ukuta wa ndani wa kalibu, husukumia katikati bonge la kioo safi la moto, vijiti vikaganda juu yake, kisha huvifunika kwa kioo safi tena. Halafu mwenzake hushika ncha ya pili na kwenda kinyumenyume huku lile bonge likivutwa na kuzungushwa kwa wakati mmoja.

Mpango huo wa kiini, nyuzi na ganda niliuiga kama ulivyo. Nisichokiona ni kile ambacho moto unamfanyia fundi wa kioo bila yeye kuuomba: unalainisha kila kitu kwa pamoja. Udongo wa polima hauna bahati hiyo. Si udongo wa kuchimbwa. Ni unga wa plastiki ya PVC uliochanganywa na kilainishi cha majimaji pamoja na rangi, na hubaki laini mpaka uokwe. Kila rangi huja na ulaini wake. Huo mweupe nilionao ulikuwa unanata vidoleni, na ule wa kupitisha mwanga ulikuwa mgumu kiasi cha kupasuka pembeni ukikunjwa. Ukivisokota pamoja, kigumu kinazunguka na kilaini kinaburuzwa. Ndio ule moshi wangu.

Dawa yake ni rahisi ila inataka subira. Udongo mweupe niliusukuma ukawa bapa jembamba, nikaubana katikati ya karatasi mbili nyeupe zisizo na maandishi, juu nikaweka kitabu kizito. Karatasi hunyonya kilainishi, na unaona doa la mafuta likitambaa kutoka chini ya udongo. Kila nusu saa nilikata kipande, nikakikanda, nikafanya vidonge viwili vya ukubwa mmoja, kimoja cheupe na kimoja cha kupitisha mwanga, nikavibonyeza kwa dole gumba la kushoto na la kulia kwa pamoja. Mara ya kwanza dole la kushoto lilizama mpaka mezani. Baada ya saa moja na nusu alama zote mbili zilikuwa na kina kimoja. Kipimo hicho cha madole gumba sasa sikiachi kwa rangi yoyote, hata zikiwa zimetoka kwenye pakiti za kampuni moja.

Kosa la pili lilikuwa la macho. Udongo unaouzwa kama wa kupitisha mwanga si kioo. Ukishaokwa unakaribia nta ya mshumaa, mwanga unaingia lakini macho hayafiki mbali. Kwenye majaribio ya awali nilizika nyuzi katikati kabisa, nikitegemea zionekane kwa kina. Zilionekana kama kivuli cha mtu nyuma ya pazia. Nikaamua kupima: nikaweka uzi mweupe juu ya udongo wa bluu iliyoiva, nikaufunika kwa ganda la milimita 2, mwingine milimita 1, mwingine nusu milimita, nikavioka vyote pamoja. Chini ya ganda la milimita 2 uzi ulikuwa umefifia. Chini ya ganda la nusu milimita ulikuwa wazi, kingo zake zimekatika vizuri, na bado ulikuwa na ule unyevunyevu wa kitu kilicho ndani ya kitu kingine. Hapo ndipo nilipoacha kulilia kina cha kweli. Kiini kikiwa cheusi au bluu iliyoiva, na ganda likiwa jembamba, jicho lenyewe linajaza kina.

Vipimo vilivyofanya kazi ni hivi. Kiini ni mche wa bluu wenye kipenyo cha milimita 10 na urefu wa sentimita 8. Nyuzi nilizikamua kwa bomba la kukamulia udongo, kila moja unene wa milimita 1.5, na zinaingia 24 kuuzunguka mche huo: 8 nyeupe na 16 za kupitisha mwanga, yaani moja nyeupe, mbili angavu, mpaka zikutane. Hizi angavu za katikati ndizo nilizokuwa naziruka hapo awali. Bila hizo, hewa inanaswa kwenye mabonde, na uzi mweupe ukibanwa hujitandaza kwa sababu hauna jirani wa kuuzuia. Juu yake nikazungushia ganda la milimita 1. Ganda hilo linaonekana nene, lakini ufito wote una kipenyo cha milimita 15 na utapunguzwa hadi 6. Kila kilicho ndani yake kinapungua kwa uwiano huohuo: uzi wa 1.5 unabaki 0.6, na ganda la milimita 1 linabaki 0.4. Zile sentimita 8 zinakuwa karibu 50. Tangu nielewe hesabu hiyo, ganda nalikata kwa kufikiria litakavyobaki mwishoni.

Kupunguza kwenyewe sianzi kwa kubiringisha. Ukibiringisha donge nene, ngozi ya nje inakimbia mbele ya kiini, na ncha zinabonyea kama kikombe. Nalikaba kiunoni kwa vidole, nazungusha robo, nakaba tena, nikitoka katikati kwenda kwenye ncha. Likishakuwa jembamba kama kidole cha mwisho ndipo nalibiringisha juu ya kigae. Kisha naliacha saa nzima, kwa kuwa joto la mikono limeshaliingia na udongo wenye joto hausokoteki sawasawa.

Kuhusu joto hilo nilifundishwa na binti yangu. Nilitaka kujaribu kuvuta kwa watu wawili kama wanavyofanya Murano, nikamwita: "Mwanangu, hebu shika ncha hii, ukizungusha wewe kulia mimi nazungusha kushoto." Kipande kilikuwa na urefu wa sentimita 30. Tukazungusha. Upande wangu misokoto ilijazana, upande wake nyuzi zikabaki karibu zimenyooka. Nikamwambia aongeze nguvu. Akatazama ufito, akatazama mikono yangu, akasema, "Mama, si nguvu. Wewe ulikuwa umeushika tangu ulipokuwa unaniita. Upande wako umelainika." Alikuwa amesema kweli. Msokoto hukimbilia penye ulaini. Pakishaanza kuzunguka panazidi kupata joto, na pakizidi kupata joto panazidi kuzunguka, huku kwingine kukikaa tu. Siku hiyo tuliuweka ufito mwingine kwenye friji dakika kumi, tukaosha mikono kwa maji baridi na kuikausha, tukashika kwa ncha za vidole tu. Misokoto ilipangika kutoka kwake hadi kwangu kama ngazi.

Nikifanya peke yangu nakata vipande vya sentimita 12, navilaza kwenye kigae, kiganja kimoja kinasukuma mbele na kingine kinarudi nyuma. Mzunguko mmoja kamili, kisha nasimama na kuubiringisha wote kwa viganja viwili kuelekea upande mmoja, kwa wepesi, mpaka unyooke. Halafu mzunguko wa pili. Kusimama huku kuna sababu. Ufito wa milimita 6 una mzingo wa karibu milimita 19. Ukiusokota mara nne, uzi wa nje unalazimika kusafiri milimita 142 hivi ndani ya ufito wa milimita 120, ilhali katikati ya kiini hakuna kinachorefuka. Ukiusokota mara nne kwa mkupuo mmoja, ngozi inapasuka au ufito unajikunja kama nyoka. Ukienda mzunguko mmoja mmoja, udongo unapata nafasi ya kurefuka. Nusu ya vipande navisokota kulia, nusu kushoto, maana vikilazwa kwa zamu kuzunguka ushanga, mistari yake inakutana kama mgongo wa samaki, na hapo ndipo jicho linaposema kioo.

Kuoka nitakueleza kwa ufupi kwa sababu kila pakiti ina maelekezo yake. Wangu unataka sentigredi 130 kwa nusu saa kwa kila milimita 6 za unene. Nunua kipimajoto cha ndani ya oveni. Oveni yangu ikiandika 130 hupanda hadi 150, na udongo wa kupitisha mwanga ndio wa kwanza kuungua: kingo zinageuka rangi ya chai. Nazifunika shanga kwa foili, naacha madirisha wazi, na siruhusu kabisa joto lipae, kwa kuwa PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma macho na koo. Vyombo vinavyogusa udongo huu havirudi kwenye chakula. Zikitoka tu, zingali na moto, nazitumbukiza kwenye maji ya barafu, na udongo unabaki mwangavu kuliko ukiachwa upoe wenyewe.

Kisha msasa, daima ndani ya maji ili vumbi lisiingie kifuani: namba 400, 600, 1000, na 2000. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Kwenye 400 ushanga unakuwa na ukungu na unadhani umeuharibu. Kwenye 1000 uzi wa kwanza unajitokeza, mweupe, mwembamba kuliko ulivyoukumbuka. Baada ya 2000 nausugua kwa kitambaa kikavu cha jinzi mpaka unapata joto, na mng'ao unatoka ndani badala ya kukaa juu.

Ushanga wa kwanza uliokubali tuliusokota wawili. Uzi mmoja kati ya minane ni mwembamba kidogo mahali ambapo dole gumba la binti yangu lilibana, na kila ninapousogeza dirishani ndio ninaoutafuta. Kwenye fito za sasa nimebadilisha mambo, kiini ni cheupe na nyuzi ni za bluu. Udongo wa bluu uko mezani sasa hivi katikati ya karatasi mbili, chini ya kitabu, na doa la mafuta limeshatambaa upana wa vidole viwili.