Picha mbovu

"Mjomba, hizi alama za kunukuu za nini? Nimezitoa na bado inafanya kazi."

Mtoto wa dada huyo, juzi, kaandika skripti yake ya kwanza, yaani faili la amri, ya Bash, programu inayosoma amri unazoiandikia kompyuta. Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi 2012, kwenye studio ya picha, jioni, nafuta mafaili.

Kila harusi ilikuwa na folda mbili: "Picha" na "Picha mbovu", yaani waliofumba macho na waliopigwa wakitafuna. Kufuta kwa mkono kulinichosha, nikaandika skripti ya mstari mmoja, nikaiita futa:

rm -rf $1

Hapo rm ndiyo amri ya kufuta. Hiyo $1 hubeba kitu cha kwanza unachokiandika baada ya jina la skripti. Nilijiona fundi.

Nikaandika: futa "Picha mbovu". Alama za kunukuu niliziweka, maana jina lina nafasi katikati. Hilo nilikuwa nalijua. Nikabonyeza Enter. Kimya. Ukishampa rm hiyo -f, haulizi wala halalamiki. Nikaandika ls, amri ya kuorodhesha vilivyopo, nihakikishe.

Imebaki folda moja. Picha mbovu.

Nikasoma tena. Nikasogeza kiti, nikasoma kwa karibu, kama vile herufi zingejipanga upya kwa kuona haya. Nyuma yangu bosi anamhesabia mteja chenji, anamwambia albamu Jumatano bila wasiwasi.

Alama zangu ziliishia mlangoni. Ndani ya skripti, $1 ilikuwa uchi, Bash ikaikata penye nafasi: futa Picha, futa mbovu. Kitu kinachoitwa "mbovu" hakikuwepo, ikapita. Picha ilikuwepo. Kumbe ilitakiwa "$1", vijialama viwili tu.

Kadi ya kamera ilikuwa bado haijapigiwa kazi nyingine, nikaipitisha kwenye PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa. Zikarudi nyingi, bila majina, zimevurugika mpangilio, nilikesha nazo. Ya kukata keki haikurudi. Tukaichukua ya kwenye folda ya mbovu: bwana harusi kafumba macho, kisu mkononi. Bosi akamwambia mteja hapo alikuwa anaomba dua.

Nilimsimulia kijana yote haya. Alicheka kwenye dua, akaniuliza kama bwana harusi aliamini. Halafu akaendelea na skripti yake. Nimechungulia leo asubuhi: alama hajazirudisha.