Kulegeza khofu baada ya kuikumbuka

Mtu aliyenusurika MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, anaweza leo kufika bandari ya Mkoani, akanusa moshi wa dizeli tu, moyo ukaanza kumwenda mbio. Jamaa zake humwambia asikumbuke. Wana nia njema, lakini wanamnyima tiba, maana khofu ya namna hii hairekebishiki ikiwa imelala.

Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux waliwasikilizisha panya mlio waliokuwa wamefunzwa kuuogopa, kisha wakawadunga anisomaisini, dawa inayozuia kutengenezwa kwa protini, ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia khofu. Kesho yake khofu ya mlio ilikuwa imepungua sana. Sindano ilipocheleweshwa kwa muda wa saa 6 haikufanya kitu, na panya ambaye hakusikilizishwa mlio kwanza hakubadilika. Kwa hiyo kumbukumbu ikiitwa hulegea kwa saa chache, halafu ubongo huihifadhi upya.

Anisomaisini ni sumu, haifai kwa mgonjwa. Kwa watu hutumika propranololi, kidonge cha siku nyingi cha moyo na presha. Alain Brunet na wenzake, Kanada, walichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu 60 wenye kiwewe cha muda mrefu. Mgonjwa alimeza kidonge, akasubiri dakika 90, kisha akaandika tukio lake kwa kifupi, kama linatokea sasa hivi, pamoja na mwili ulivyokuwa: koo kukauka, mikono kufa ganzi. Akalisoma kwa sauti. Hivyo mara moja kwa wiki, wiki 6. Waliopewa propranololi walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani. Tafiti nyingine hazikuona tofauti hiyo, na nadhani sababu kubwa iko kwenye kule kukumbuka kwenyewe.

Mgonjwa akisimulia yale yale kwa namna ile ile aliyozoea, kumbukumbu haifunguki. Ubongo unahitaji kukutana na kitu usichokitarajia. Akikaa nayo muda mrefu mno, hujifunza jambo jipya, kwamba hapa ni salama, na lile la zamani linabaki chini yake likisubiri bahari ichafuke. Kati ya hayo mawili njia ni nyembamba, na hakuna kipimo cha kumwonyesha daktari kama kumbukumbu imefunguka. Usingizi nao una kazi: katika majaribio ya Merel Kindt wa Amsterdam, khofu haikupungua siku ile ile, ilipungua baada ya mtu kulala.

Tukio lenyewe halifutiki. Mgonjwa atajua jina la meli, saa, na nani alikuwa pembeni yake. Kinachopungua ni kule mwili kujibu kana kwamba bado yumo majini.

Tafadhali, propranololi isinunuliwe dukani kwa kujitibu. Mwenye pumu inaweza kumbana pumzi hadi kumuua, na mwenye mapigo ya moyo ya taratibu humzidishia. Mwenye kisukari anayetumia insulini hufichwa dalili za sukari kushuka, yaani kutetemeka na moyo kupiga, na khatari huzidi akiwa amefunga. Mwezi wa Ramadhani mweleze daktari mapema, ili kidonge kimezwe baada ya futari na kusoma kufuate dakika 90 baadaye, mtu wa nyumbani akiwepo.