Siku mzee aliponipa mpira nisikilize kabureta

Hii ni ya 2011. Mimi na mzee, yaani baba yangu, tulikuwa tumeshafunga injini ya ile MGB yake ya 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza, cc 1798, ringi mpya, beringi mpya, valvu tumezisaga wenyewe kwa mkono, kazi ya karibu mwaka mzima wa wikiendi kwenye banda la nyuma ya nyumba, na kilichobaki kilikuwa kabureta tu, vile vifaa vya kuchanganya hewa na petroli kabla haijaingia kwenye injini. Mzee aliziacha mwisho kwa makusudi. Alikuwa anasema injini ukiifunga vizuri namna gani, kama inavuta hewa na mafuta ovyo umefanya kazi bure.

Zile kabureta ni za kampuni ya SU, aina ya HS4, ziko mbili zimekaa sambamba ubavuni mwa injini. Mimi nazipenda sana mpaka leo kwa sababu ukishaielewa moja huwezi kuisahau. Juu kuna kofia ya alumini, imekaa kama kengele, ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka, na chini ya pistoni imening'inia sindano nyembamba iliyochongoka ambayo inaingia kwenye tundu la jeti, kale kamrija kanakopitisha petroli. Ukikanyaga mafuta injini inavuta, pistoni inanyanyuliwa na ule mvuto, sindano inatoka kwenye jeti, na kwa vile imechongoka basi kadiri inavyopanda ndivyo nafasi inavyokuwa kubwa na petroli inavyopita nyingi. Katikati ya kofia unaweka oili kidogo ambayo inamzuia pistoni asiruke juu ghafla. Basi, ndo hivyo tu. Kitu hiki kimebuniwa mwanzoni mwa karne iliyopita huko Uingereza, na hakina jeti kumi za kuhangaika nazo.

Gari ilikuwa imekaa miaka mingi bila kuwashwa kwa hiyo ndani ya bakuli la floti, pale petroli inapokaa ikisubiri kuvutwa, ilishakauka ikawa utando wa kahawia unaonata, una ile harufu ya rangi ya zamani. Siku ya kufungua mzee aliweka mabeseni mawili sakafuni, moja jekundu moja la bluu, akaniambia, "Ya mbele humu, ya nyuma humu. Usichanganye hata nati." Hakurudia. Na sababu naijua vizuri: pistoni na kofia yake vinachaguliwa kiwandani vikae pamoja, uwazi kati yao ni mdogo mno, havigusani lakini hewa inayopenya pale ni ya kupimwa, ukimpa pistoni kofia ya mwenzake hiyo hesabu yote inaharibika.

Mabodi yenyewe yalikuwa yamelika pale spindo ya kibao cha hewa inapopita, ukiishika ncha unaisikia inacheza, na hapo ndo hewa ya wizi inaingilia, utarekebisha mchanganyiko mpaka uchoke na gari haitakaa sailensa, yaani kunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, hata siku moja. Tukayapeleka kwa mkereza akatoboa akaweka bushi, spindo mpya tukafunga wenyewe. Nakumbuka sana zile skrubu mbili ndogo za shaba zinazoshika kibao, miguu yake imepasuliwa katikati kama ulimi wa nyoka, ukishakaza inabidi uipanue hiyo miguu ili isije ikafunguka, maana ikidondoka hapo inaelekea moja kwa moja kwenye silinda. Mzee alinishikia taa mimi nikapanua. Akaikagua kila moja kwa kioo cha kukuzia, afu akaigusa kwa ukucha, afu akaikagua tena.

Sasa jioni moja ya Ijumaa mzee hayupo mimi nikasema nimalize kuosha nimfurahishe akirudi. Nikaosha kofia zote mbili na pistoni zote mbili kwenye beseni moja, nikazipanga kwenye kitambaa cheupe zinang'aa, na nilipoinua kichwa tu nikajua nimefanya nini. Vinne vile vilikuwa vimelala pale, vinafanana kama mapacha, hakuna alama hakuna namba. Nilikaa chini kabisa. Nikageuza kimoja kimoja kutafuta mkwaruzo wowote ninaoukumbuka, sikuona kitu.

Kesho yake asubuhi nikamkuta banda limefunguliwa ameinama kwenye injini amenipa mgongo, anakaza nati za manifodi. Nikasimama mlangoni, sauti yenyewe haitoki vizuri, nikasema, "Baba, nimechanganya pistoni." Hakujibu. Akaendelea kukaza. Nikangoja labda dakika nzima, akaweka spana chini, akachukua nyingine, hakugeuka. Nikaondoka.

Jamani zile siku zilikuwa ndefu. Baba yangu hakuwa mtu wa kufoka, akikasirika ananyamaza, na mimi nikaona hapa nimenyamaziwa. Mezani nikisema kitu hajibu, au anajibu kitu kingine, nikawa nahesabu kila kimya kama changu.

Jumapili usiku nikachukua kitabu cha matengenezo nikaenda bandani peke yangu. Kuna kipimo kimeandikwa mle. Unaziba vile vitundu vya chini ya pistoni, unaiingiza kwenye kofia, unafunga ile fimbo ya oili juu, unaigeuza yote kichwa chini, unamshika pistoni unaiachia kofia iteremke yenyewe huku unahesabu. Kwa saizi hii inatakiwa itumie kati ya sekunde 5 na 7. Nikafuta kila kitu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi (msasa usithubutu, ukigusa hapo na msasa umeitupa), nikavua saa nikaiweka mezani. Pea ya kwanza kofia iliteremka chap, haikufika hata sekunde 3. Nyingine ikaenda nusu ya njia ikakwama, nikaigonga kwa kidole ikasogea ikakwama tena. Nikabadilisha. Ile ya kwanza niliiachia ikashuka taratibu, unaona kabisa inaelea, sawasawa mwendo mzima, sekunde 6. Ya pili nayo 6 kasoro kidogo. Nikarudia mara nyingi sana sijui mara ngapi, siyo kwa mashaka, kwa raha ya kuiona inashuka vile. Nikaandika namba kwenye karatasi nikaifunga pamoja na kila kofia. Lakini kwenda kumwambia mzee nikashindwa, nilijua atauliza kwa nini ilibidi nipime.

Jumanne tukakaa kuzipanga jeti katikati. Unalegeza nati kubwa ya chini, unapandisha jeti mpaka juu, unanyanyua pistoni unaiachia, na ikiwa sindano haigusi ukuta wa jeti pistoni inadondoka kwa mlio mkavu, tak! Ikigusa inashuka kimya. Mzee ndo alikuwa ananyanyua na kuachia, na kila akiachia ananitazama usoni, "Imelia?" Nasema imelia. Anasogeza kidogo, anaachia, "Imelia?" Mimi nikajua ananipima kama najua kazi, au ndo adhabu yenyewe. Nikawa najibu kwa heshima tu.

Jumamosi tukawasha. Jeti tumeziteremsha flati 12 kutoka usawa wa juu, flati ni upande mmoja wa nati ya pande sita, yaani nati mizunguko miwili kamili, hapo ni pa kuanzia. Nikavuta choki, mzee akiwa ameinama pale mbele, starta ikazungusha, ikazungusha, bakuli zikajaa, ikashika. Ilikohoa mara mbili tatu afu ikatulia kwenye mngurumo ambao mimi sikuwahi kuusikia nikiwa mtu mzima, nilikuwa naukumbuka wa utotoni. Mzee akafumba macho akatingisha kichwa. Ule mngurumo aliusikia. Huo una uzito, unaingia mpaka kifuani.

Ilipopata moto tukaanza kulinganisha. Hapa unalegeza klipu za kiungo cha katikati ili kila kabureta isimame kivyake, unachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza inavyovuta, unahamia ya pili sehemu ileile, unarekebisha skrubu mpaka mvumo ulingane. Mzee hii kazi ameifanya toka kabla sijazaliwa. Akaweka mpira sikioni. Ya mbele. Ya nyuma. Ya mbele tena. Akautoa akautazama, akaupuliza, akauweka tena. Akahamishia sikio la pili. Injini inanguruma pale na yeye ameinama, na nikaona uso wake unavyobadilika, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni ambacho ana uhakika alikiweka.

Afu akaninyooshea ule mpira. "Mama, hebu sikiliza wewe. Naona huu umeziba."

Haukuwa umeziba. Nilipouweka tu sikioni nikapokea shhhhh kali kama upepo kwenye tundu la mlango, na ya nyuma ikavuma chini zaidi, tofauti hata mtoto angeisema. Ni sauti nyembamba ile, ya juu, na sauti za juu ndo zilikuwa zimeshamwacha bila yeye kujua, au anajua hasemi. Ile tak ya pistoni. Mezani. Na mimi mlangoni asubuhi ile nikisema na mgongo wake kwa sauti ya kunong'ona.

Sikumwambia kitu kuhusu mpira. Nikamwonyesha kwa mkono, ya mbele inavuta sana, punguza. Akageuza bisibisi kidogo sana. Nikahama, nikarudi, nikamwonyesha bado. Akageuza. Tukaenda hivyo mpaka zote mbili zikawa pumzi moja, nikainua dole gumba na yeye akaachia skrubu.

Hapo nikazunguka nikasimama mbele yake kabisa anione mdomo, nikasema kwa nguvu juu ya injini, "Baba, wiki iliyopita nilichanganya pistoni na kofia zake!"

Akashtuka. "Hizi?"

"Hizi! Nikapima zinavyoshuka nikazirudisha!"

"Sekunde ngapi?"

"Sita! Na nyingine sita kasoro!"

Akaziangalia zile kofia mbili, akaniangalia mimi. "Sita," akasema, "sita ni nzuri sana."

Bado mchanganyiko. Chini ya kabureta kuna kipini kidogo, ukikisukuma kinamnyanyua pistoni kama milimita moja tu. Mlio wa injini ukipanda ukabaki juu, petroli imezidi, ukishuka na kutaka kuzima, haitoshi, ukipanda kidogo afu ukarudi, hapo ndo penyewe. Mzee akaweka kiganja cha kushoto juu ya mfuniko wa valvu, kitambaa chini kwa ajili ya moto, na kwa mkono wa kulia akasukuma kipini. Mimi nikasikia ikapanda, ikarudi. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Imepanda ikarudi," akasema, kiganja bado kiko pale.

Akahamia ya nyuma.